Ngamia Asiyekamuliwa

Furushi lilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikaa mfuko wa ndani wa koti njia nzima, Nairobi, Garissa, Wajir, hadi nashuka Kutulo. Mdogo wangu alikuwa ameniagiza: "Walaal, niletee Minecraft ya modi, ile ya jangwa." Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa pili, karo imenishinda. Nyumbani walijua niko likizo. Nikajiambia, angalau hiki kimoja kitafika.

Lile faili la zipu lilikuwa la megabaiti chache tu, na hapo ndipo ningeshtuka. Ndani hamkuwa na modi hata moja. Mlikuwa na orodha ya modi, matoleo yake na mipangilio. Mafurushi mengi yako hivyo: programu inasoma orodha, halafu inaingia intanetini kuvuta modi zenyewe. Nimesafiri na karatasi ya dukani nikidhani nimebeba unga na sukari.

Tukanunua bando, tukavuta usiku mara tatu, watu wamelala. Kufungua, gemu likaanguka. Laptopu ina RAM ya GB 4, na furushi linataka karibu mara mbili ya hiyo. Basi tukaanza kupunguza. Unatoa modi moja, nyingine nne zinagoma kwa sababu zilikuwa zinaiegemea. Unasoma ripoti ya hitilafu, unatafuta jina unalolijua, unarudisha, unatoa nyingine. (Hii kazi naiweza kuliko chochote nilichofundishwa darasani.)

Siku ya nne likawaka. Kumbe tulibakiza Tough As Nails, modi inayoongeza joto na kiu. Mchezaji wetu akafa jangwani kabla hajajenga ukuta. Mdogo wangu akanigeukia: "Yaani kuna mtu alikaa chini akaandika kiu?" Misimu mitano ya mvua ilitukatikia mfululizo kati ya 2020 na 2022, huyu mtoto amezika mbuzi. Aliifuta siku hiyohiyo. Bila modi hiyo, unachimba shimo la mraba la vitalu vinne, unamwaga ndoo mbili kwenye pembe zinazotazamana, na maji hayaishi tena. Alichimba moja kila mlangoni.

Ngamia ndiye aliyemleta Aabo. Waliingia kwenye gemu 2023, toleo la 1.20, wanabeba watu wawili, wanakula mdungusi kakati. Aabo, aliyeuza ngamia wake kuninunulia laptopu hiyo ya chuo, akavuta kiti.

"Anakamuliwa?"

"Hapana, Aabo. Ng'ombe na mbuzi ndio wanakamuliwa."

"Aliyemtengeneza hajawahi kumwona." Akatazama kidogo. "Wewe si unasomea kompyuta? Mtengeneze."

Nikasema inawezekana, ni modi ndogo tu, nahitaji muda.

"Muda gani? Likizo yako inaisha lini?"

Mdogo wangu aliendelea kukodolea skrini, ila mkono uliacha kusogeza. Nikamwomba atuachie chumba kidogo.