Upeo wa Mama na Mashine Kumi na Saba

Kiamu kina kitenzi kupea, maana yake kufagia, na kutokana nacho likapatikana jina la ufagio: upeo. Mzungumzaji wa Kiswahili sanifu akisikia upeo huwaza kilele cha jambo, au pale jicho linapofika likashindwa kuendelea. Mama yangu, mzaliwa wa Lamu, akiuliza "upeo u wapi?" huwa anataka fagio la chelewa lililoegemezwa nyuma ya mlango. Wanaisimu watuambie kama maneno hayo mawili ni ndugu wa damu au ni majirani tu walioazimana sura. Mimi nimelelewa nayo yote mawili, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikishughulika na chombo ambacho hakikupata jina katika nyumba yetu, ingawa ndicho kilichotulisha.

Ninakusanya na kutengeneza mashine kuukuu za kufyonza vumbi. Ninazo kumi na saba katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, magharibi mwa London. Kongwe kuliko zote ina mfuko wa kitambaa cheusi na mwili wa aluminiamu uliokuwa umefubaa mpaka ukafanana na sufuria ya msibani; changa kuliko zote ni ya miaka ya 1970. Najua msomaji wa ukurasa huu amezoea vina na mizani, si mota na mikanda. Naomba anivumilie, kwa maana vina na mizani vitakuja.

Kwanza jina. Wako wasemao kivuta vumbi, wengine kifyonza vumbi, na wengi waishio huku husema huva, kama Waingereza waliolichukua jina la kampuni wakaligeuza kitenzi. Tusiwacheke, kwani nasi twapiga viatu kiwi, na dukani twaomba omo hata tukikusudia sabuni ya kampuni nyingine. Mimi nachagua kufyonza, kitenzi cha nyuki na ua, ingawa ukiichunguza mashine yenyewe, haifyonzi wala haivuti. Feni hutupa hewa nje, ndani kukabaki upungufu, na hewa ya chumbani ikakimbilia kuziba pengo hilo, ikibeba vumbi njiani. Ni hewa ya nje inayosukuma. Lakini nani atakubali kuita chombo kisukumiwa vumbi?

Mwingereza Hubert Cecil Booth ndiye aliyeunda mashine ya namna hii mwaka 1901. Ilikuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi. Ilisimama barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani kuingia majumbani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Habari hiyo hupendwa sana na wakusanyaji wenzangu. Mimi naipenda zaidi ya mtu wa pili, James Murray Spangler, mfagizi wa duka katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na vumbi la ufagio lilikuwa likimmaliza. Akachukua mota ya feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akajiundia chombo cha kuokoa kifua chake. Alipata hataza mwaka 1908, kisha haki zikanunuliwa na William Hoover, ambaye biashara yake ilikuwa ya bidhaa za ngozi, zikiwamo hatamu na matandiko ya farasi. Dunia nzima inalijua jina la mnunuzi. Jina la mfagizi hulijua sisi wachache wenye vyumba vya nyuma.

Mama alifagia maofisi ya jiji hili kwa miaka ishirini na miwili. Alifika na mimi mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya baba, aliyekuwa baharia, kufariki. Kazi ilianza saa nne za usiku ikaisha saa kumi alfajiri. Sasa, kwetu pwani tumelelewa tukiambiwa kwamba kufagia usiku ni kufukuza riziki. Ukilazimika kufagia baada ya magharibi, taka huzitoi nje, wazirundika pembeni mpaka kupambazuke. Mama aliamini hivyo, na bado anaamini. Riziki yetu yote, ada zangu, mchele na nazi za kopo, fedha za kupeleka Lamu kila mwezi, ilitokana na kufagia usiku. Sikuwahi kumsikia akiutatua mgongano huo. Alikuwa akisema tu kuwa usiku wa Ulaya si usiku, una taa nyingi mno.

Kampuni aliyoifanyia kazi siitaji. Iliwalipa kwa saa na kuwakata kwa dakika, na ilikuwa na mlango wao wa nyuma, ili wenye maofisi wasionane na wafagizi. Alipoanza kukohoa aliambiwa avae kitambaa puani. Mifuko ya nguo ya mashine za wakati ule ilipitisha vumbi jembamba kama moshi. Ukiiwasha mbele ya taa, waona.

Basi siku nilipoingiza nyumbani mashine ya kwanza, niliyoinunua kwa bei ya chupa mbili za maji katika mnada wa vitu vikuukuu, alisimama ukumbini akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Nimeisukuma miaka ishirini na miwili ili wewe usiisukume," alisema. "Leo waileta mwenyewe, na kuilipia walipa." Akaenda zake jikoni. Kwa zaidi ya miaka miwili hakutia mguu katika chumba cha nyuma.

Sidhani kuwa alikosea. Ukitazama matangazo ya zamani ya mashine hizi, utamwona mwanamke aliyevaa lulu na viatu vya visigino, akitabasamu juu ya zulia lake mwenyewe. Wakusanyaji huyatundika ukutani kwenye fremu. Mfagizi wa usiku hayumo. Kiwanda kikubwa cha Hoover pale Perivale, kilichofunguliwa mwaka 1933, jumba jeupe kama jino lenye madirisha ya kijani, kilifungwa mwaka 1982. Baadaye nyuma yake pakawa na duka kubwa la vyakula, na jumba lenyewe likageuzwa nyumba za kukaa. Watu husimama barabarani kulipiga picha. Nami nimelipiga. Mama tulipopita naye kwenye basi aliligeuzia mgongo akatazama upande wa pili, palipokuwa na ukuta tu.

Iliyobadilisha mambo ni Hoover Senior, mashine kubwa ya kusimama, ya aina aliyoitumia mama katika miaka yake ya mwanzo. Niliipata imekufa. Mpira wa waya ulikuwa umekauka, ukimeguka kama ngozi ya kitunguu, na rangi zilikuwa za kale: nyekundu kwa moto, nyeusi kwa njia ya kurudia, badala ya kahawia na buluu zilizozoeleka tangu miaka ya 1970. Waya wa namna hiyo haujaribiwi, hutupwa. Niliweka mpya, nikabadilisha kaboni za mota zilizokuwa zimelika mpaka kubaki vijiti, nikasafisha shaba ya mota kwa msasa laini, nikatia grisi kwenye beringi, nikavisha mkanda mpya kutoka kwenye ekseli ya mota hadi kwenye mche wa brashi. Mche huo una vyuma viwili vinavyopiga zulia ili mchanga uliojificha chini uruke juu. Ndiyo siri ya mashine za Hoover tangu mwaka 1926, na ndiyo asili ya mlio wake wa kugutagutia.

Niliiwasha asubuhi moja ya Jumamosi. Ilinguruma vizuri, lakini ndani ya ngurumo palikuwa na mgongano mdogo, kama mtu agongaye mlango huku akiona haya. Nikaizima, nikawa natafuta bisibisi. Sauti ya mama ikatoka jikoni: "Kuna kitu fenini. Ni pini ya karatasi."

Katika mashine za aina hii uchafu wote hupitia kwenye feni kabla ya kufika mfukoni. Nilipofungua kifuniko cha chini, pini ya karatasi ilikuwa imekwama kando ya mapanga ya feni, imepinda na kuota kutu. Ilikuwa imekaa humo miaka mingapi, katika ofisi ya nani? Nilipoinua kichwa, mama alikuwa mlangoni. Aliniamuru niifunge. Kisha akaushika mpini, akalikanyaga kozi la kuachia mpini kwa ncha ya kiatu bila kulitazama, akaanza kusukuma. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Na midomo yake ilikuwa ikicheza.

Nilidhani ni dhikiri. Nilipoizima mashine ndipo nikasikia: ulikuwa utenzi.

Mpenzi wa mashairi atafahamu upesi kuliko nilivyofahamu mimi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande mizani nane. Mkono ukisukuma mbele hadi mwisho wa urefu wake, mizani nane zimekwisha. Ukirudi, nane nyingine. Ukienda na kurudi mara mbili, ubeti umetimia na hatua moja ya zulia imetakata. Kwa miaka ishirini na miwili mama alighani usiku kucha, sauti yake imefunikwa na ngurumo, katika majengo yasiyo na mtu. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ambamo mama anamuusia bintiye, akiwa hakusahau hata usafi wa nyumba, una beti 102. Ulikuwa ukimtosha, alisema, kwa ghorofa nzima na ngazi zake. Alizihesabu korido kwa beti kama wengine wahesabuvyo kwa futi. "Ya ghorofa ya tatu ilikuwa beti ishirini na nne," aliniambia. "Na meza ya mkubwa wao, ubeti mmoja, kwa kuwa sikuipenda."

Utendi wa mtu mwingine ulipomchosha, alitunga wake. Hakuandika hata neno. Hazikuwa siri, ila hapakuwa na karatasi wala mtu wa kumsomea, na akirudi nyumbani alfajiri mimi nilikuwa nimelala. Sasa ana miaka themanini na mbili, kumbukumbu inamponyoka na pumzi hazimtoshi. Akiketi kitini, hazikumbuki beti zake. Akiushika mpini wa Senior, zinakuja, mbilimbili, tatutatu, mara nyingine bila mpangilio.

Kwa hiyo mara mbili kwa wiki, asubuhi, twaifanya kazi hiyo. Mfuko ni mtupu na mpya, nao una bitana ndani ili usipitishe kitu. Brashi nimeiinua isiguse zulia, kifua chake kisidhurike. Husukuma kwa dakika sita au saba, hukaa, nami huizima mashine na kuandika. Kipande cha tatu humkatia pumzi. Hunionyesha mkono nisubiri. Nikiandika neno kwa usanifu hunisahihisha kwa Kiamu. Mahali pamoja niliandika kufagia akanifanya nifute: mizani zatimia, alisema, lakini neno si hilo.

Ameniruhusu niseme hapa kwamba beti zipo. Hajaniruhusu kuzinukuu. Wala hakubali kuwa mashine zile nyingine kumi na sita zina faida yoyote. Juzi aliniuliza kama hapana mtu wa kuzichukua bure.

Baada ya magharibi hatuiwashi. Tumefika ubeti wa thelathini na moja. Kipande chake cha nne hakijapatikana, na mkanda ulikatika Jumanne; mwingine utafika kwa posta Alhamisi.