Dhiki, Nafasi na Marahaba

Apendaye lugha hawezi kuzisoma sala za shida zilizomo katika Zaburi bila kujiuliza neno "dhiki" limebeba nini ndani yake. Tumelizoea mno neno hili. Tunalitamka tukikosa fedha, tukiuguliwa, tukifiwa, hata limekuwa butu kama kisu kisichonolewa. Nimeona linanoleka tena likisomwa kando ya Kiebrania.

Katika sala hizo neno linalorudiwa sana ni tsar, pamoja na tsarah lililo la shina hilohilo. Maana yake ya msingi ni ufinyu: kubanwa, kukosa pa kupenya. Mwombaji wa Zaburi ya 118 anasimulia kwamba aliita akiwa mahali finyu, naye akajibiwa kwa kuwekwa mahali papana. Katika Zaburi ya 4, mtu aliyebanwa anamwambia Mungu kwamba ndiye aliyempanulia. Sala hizi zimeijenga taswira yao juu ya mahali. Hazitaji kicheko wala utajiri. Aombacho mtu ni upana.

Zaburi ya 107 inawataja watu wa namna nne: waliopotea jangwani, wafungwa, wagonjwa na mabaharia waliopigwa na dhoruba. Wote wanalia, na kiitikio kinachorejea mara nne kina neno jingine, metsuka. Hapa mpenzi wa Kiswahili na ainue masikio. Katika maneno kadhaa, sauti ts ya Kiebrania hulingana na ile sauti ya Kiarabu ambayo sisi tumeipokea kama dh. Ndiyo maana erets ya Kiebrania ni ndugu wa ardhi yetu. Kwa kanuni hiyohiyo, mzizi wa metsuka ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupa dhiki, nao maana yake ni wembamba, kubana. Kumbe tunaposema "nina dhiki" tunasema, kwa asili ya neno, "nimo mahali pembamba". Wala hatukuwahitaji Waarabu kutufundisha taswira hiyo, maana tunasema pia mambo yamebana, na mtu husongwa na mawazo.

Na je, ule upana? Zaburi ya 118 inauita merhav. Mzizi wake ndio uleule wa Kiarabu uliozaa marahaba, jibu letu kwa kila shikamoo. Asili yake ni upana: umekuta mahali pa wasaa, hutabanwa hapa. Najua kwamba mzee anayeitikia marahaba barazani hafikirii mizizi, na maana ya neno ni matumizi yake, si nasaba yake. Hata hivyo mshairi ana haki ya kuzijua nasaba za maneno yake, kama mkulima ajuavyo udongo ulio chini ya shamba.

Neno la tatu ni nefesh, ambalo aghalabu hutafsiriwa nafsi. Katika Zaburi ya 69 maji yanapanda mpaka kwenye nefesh ya mwombaji. Nafsi haina kina cha kupimwa kwa maji, koo linacho. Na kweli, nefesh hutumika pia kwa koo: katika sura ya 5 ya Isaya, kuzimu kunaipanua nefesh yake na kuachama kinywa. Kiswahili hakishangai, kwani sisi nasi husema fulani amemkaba mwenzake roho, na kinachokabwa ni koo. Tena mzizi huo wa nafsi, katika Kiarabu, ndio mzizi wa pumzi, na kutoka humo tukapata nafasi.

Sisemi haya kwa raha ya kuchimbua mizizi tu. Mama yangu alifariki kwa maradhi ya kifua. Katika majuma yake ya mwisho hakuweza kulala chali. Alikesha ameketi, mito nyuma yake, akiitafuta pumzi moja baada ya nyingine. Wageni walikuja kumwombea, na sala zao zilikuwa ndefu, zimejaa ushindi na adui kukanyagwa. Siku moja aliulizwa aombewe nini. Akajibu neno moja: "Nafasi." Tulisogea, tukafungua dirisha, naye akaushukuru upepo. Miezi kadhaa baada ya kumzika, nilipokuwa nikiisoma Zaburi ya 69 kwa utulivu, nililisikia tena neno lile. Lilikuwa sala kamili: pumzi, mahali, na ruhusa ya kuondoka.

Hakupona. Wala Zaburi zenyewe hazidai kwamba kila aliyebanwa hufika mahali papana. Zaburi ya 88 inalia tangu mwanzo hadi mwisho, na neno lake la mwisho kabisa ni giza. Naiheshimu kwa hilo. Waliokusanya sala hizi hawakuiondoa, wala hawakuibandikia ubeti wa matumaini mwishoni.

Kwa hiyo, mshairi mwenzangu, ukitaka kuiandika dhiki, anza na mwili: kifua, koo, mlango, njia. Usiikimbilie faraja kabla msomaji hajabanwa pamoja nawe. Na ukiifikia, kumbuka kwamba faraja nayo, katika asili yake ya Kiarabu, ni kufunguka, ni kupatikana kwa upenyo. Methali yetu, "Baada ya dhiki faraja", huwa tunaitamka haraka haraka msibani ili tupate la kusema. Ikisomwa kwa mizizi yake haiahidi furaha. Inasema tu kwamba palipobana patafunguka. Ni ahadi ndogo kuliko nilivyoidhani utotoni, nayo naweza kumwambia mfiwa nikimtazama machoni.