Mgeni Aliyebomoa Nguzo

Kabla hajafariki, Bibi alinisimulia maisha yake kwa saa tatu. Nikayaandika yote kwenye laptopu yenye Debian 10, toleo la mwaka 2019.

Mwishoni mwa 2021 nikatamani LibreOffice mpya. Kwa pupa nikaichota kutoka Debian 11. Ikadai kwanza libc mpya, maktaba ambayo karibu kila programu imeiegemea. Nikakubali.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu wangu siku ya kwanza tu kashabomoa nguzo ya nyumba. Mashine ikakataa hata nywila yangu.

Watu wa Debian mchanganyiko huo huuita FrankenDebian. Sisi wasomaji tunamjua: Mary Shelley alituonya tangu 1818 kuhusu kiumbe cha viungo vya kuokoteza.

Mafaili niliyaokoa kwa kuiwasha mashine kupitia flashi. Baadaye ndipo nikaijua hazina ya backports: programu mpya zilizojengwa upya kwa maktaba za toleo la zamani. Yaani mgeni anavua viatu mlangoni.

Sasa maneno ya Bibi yako mahali pawili. Laptopu bado naipenda; siiamini tu.