Mikebe ya Maziwa

Nilipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Warsaw, wenyeji wangu waliniachia siku mbili nitembee nitakako. Siku ya kwanza nilikwenda POLIN, yaani Makumbusho ya Historia ya Wayahudi wa Poland. Jengo lake, lililofunguliwa mwaka 2013, limesimama Muranów, mtaa uliokuwa makao ya Wayahudi kabla ya Vita Kuu ya Pili. Wakati huo Wayahudi wa Poland walizidi milioni 3. Takriban milioni 3 waliuawa.

Ndugu walimu wenzangu, nakiri kwamba nilitarajia kuona mauti tu. Kumbe sehemu kubwa ya maonyesho ni habari za maisha ya miaka 1,000. Pana dari ya sinagogi ya mbao ya Gwoździec, iliyojengwa upya kwa mikono na kupambwa kwa wanyama na maua. Nilisimama chini yake hata shingo ikaniuma.

Lakini kilichonishika ni habari za lugha. Wayahudi hao walikuwa na Kiebrania cha ibada, Kipolandi cha nchi, na Kiyidishi cha nyumbani, lugha yenye asili ya Kijerumani iliyochanganyika na Kiebrania na lugha za Kislavoni, nayo ikaandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama Kiswahili kilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadhi ya wasomi wao wenyewe walikibeza wakakiita jagoni. Mimi nafundisha Kiswahili Uganda, ambako kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na bado wapo wazazi wakiitao lugha ya askari na wezi. Dharau hiyo sikuhitaji kutafsiriwa. Na jagoni hiyo ilikuwa na magazeti, tamthilia na shule. Mwaka 1978 Isaac Bashevis Singer, aliyekulia Warsaw, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa kuandika kwayo.

Siku ya pili nilikwenda Taasisi ya Historia ya Wayahudi. Wajerumani walipowafungia Wayahudi wa Warsaw ndani ya ukuta, Novemba 1940, mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya kwa siri kila kilichoandikwa humo: shajara, matangazo, tiketi za tramu, karatasi za peremende, hata insha za watoto wa shule. Agosti 1942, watu wakisombwa kupelekwa Treblinka, mwalimu Izrael Lichtensztajn alizika sehemu ya kwanza chini ya shule, katika masanduku 10 ya bati. Waliomsaidia ni vijana wawili, David Graber wa miaka 19 na Nachum Grzywacz wa miaka 18. Humo alitia pia picha zilizochorwa na mkewe, Gela Seksztajn, zaidi ya 300. Hakuna aliyesalimika kati yao. Masanduku yalifukuliwa Septemba 1946, maji yakiwa yamekwisha kuingia. Sehemu ya pili, iliyotiwa katika mikebe miwili ya maziwa, ilipatikana Desemba 1950. Mkebe mmoja upo hapo. Ni mkebe tu, wenye kutu, kama ule ambao marehemu baba yangu alikuwa akiupeleka sokoni.

Mbele yake nilikumbuka jambo nisilopenda kulikumbuka. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alifariki kwa malaria wakati wa likizo. Mama yake akaja shuleni kuniomba daftari lake la insha, apate mwandiko wa mwanawe. Nilikuwa nimekwisha kuyachoma madaftari ya darasa zima ili kabati lipate nafasi. Nilimjibu, “Nitalitafuta, mama.” Akashukuru, akaenda zake.

Amekuja mara mbili tangu siku hiyo, na mara zote mbili nimemwambia kwamba bado natafuta. Shule zitakapofungwa nitakwenda kwake.