Jina Kapuni: Besti Yangu Alirudisha Pete kwa Sababu ya Pete Nyingine

Wapenzi, maneno yamezunguka mjini ya kutosha kuhusu besti yangu na yule kaka wa vichekesho vya mitandaoni. Mmeambiwa kaka alipata mwingine. Mmeambiwa shida ilikuwa mahari. Mimi niliyekuwa nikishinda naye usiku akilia nimeruhusiwa kuandika, mradi majina yabaki kapuni. Kwa hivyo msinijazie meseji mkiuliza ni nani.

Besti yangu kazi yake ni kusoma picha za setilaiti. Anaangalia mashamba, misitu na mito kutoka juu, anatafuta palipokauka na palipofurika. Ofisi yake siitaji, ila kazi inamkutanisha mara kwa mara na watu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya, lile lililoanzishwa 2017. Siku ya kutambulishwa kwa wakwe, mama mmoja alimuuliza anafanya kazi gani. Akaeleza kwa heshima, pole pole. Mama akamgeukia mwenzake: "Kumbe ni mnajimu! Anapiga ramli!" Watu wakacheka, na yeye akacheka. Bibi harusi mtarajiwa angefanya nini tena?

Sasa mnakumbuka Taifa-1? Setilaiti yetu ya kuangalia ardhi, iliyogharimu Sh50 milioni, ndogo kama mkate mrefu. Ilirushwa California kwa roketi ya SpaceX, Jumamosi ya Aprili 15, 2023, saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa za huku. Safari ilikuwa imeahirishwa mara kadhaa kwa sababu ya hali ya hewa, na besti alikuwa hajalala vizuri wiki nzima. Siku hiyo hiyo kaka akatoa video: eti unga haushikiki na serikali inarusha kopo angani. Ikasambaa vibaya sana.

Hakumkasirikia. Alimketisha tu akamweleza. Kaskazini mvua ilikuwa imekosa misimu mitano mfululizo, mifugo imekufa, na sisi tunategemea picha kutoka kwa nchi za wengine kujua hali ya ardhi yetu. Akamkumbusha kwamba Malindi, pale kwenye jukwaa la Waitaliano baharini, setilaiti ya Marekani ilirushwa Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Yaani hapa kwetu roketi zilikuwa zinaruka sisi tukiwa watazamaji. Kaka akasema, "Babe, hiyo haichekeshi." Wakaendelea na maisha.

Halafu ikaja Mukuku.

Desemba 30, 2024, saa tisa alasiri, watu wa kijiji cha Mukuku, Makueni, walisikia kishindo. Pete ya chuma ilikuwa imeanguka kutoka angani, upana mita 2.5, uzito kama kilo 500. Ashukuriwe Mungu haikumwangukia mtu. Shirika la Anga za Juu likatuma watu wake, eneo likalindwa, chuma kikachukuliwa. Taarifa yao ya kwanza ilisema dalili zinaonyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, kitu ambacho kwa kawaida huungua kikirudi kwenye angahewa au huangukia baharini, na kwamba uchunguzi unaendelea.

Kwa kaka, hiyo ilikuwa bahati ya mwaka mpya. Simu ilianza asubuhi. "Niambie tu ni ya nchi gani." Besti akasema hajui, na hata angejua asingesema kabla ya shirika. Kaka akabembeleza, akanuna, akakasirika.

Nilimuuliza mwenyewe, si ungempa tu kadokezo? Akaniambia kuna mkataba wa kimataifa wa 1972: chombo cha angani kikiharibu kitu ardhini, nchi iliyokirusha ndiyo inayolipa. Setilaiti ya Urusi ya wakati ule wa Muungano wa Kisovieti ilianguka Canada 1978 ikiwa na mabaki ya nyuklia. Canada ikakusanya vipande kimoja kimoja, ikadai, na 1981 ikakubaliwa dola milioni 3 za Canada. "Unaona?" akasema. "Ukishajua mwenye chuma, ndipo unaweza kumdai. Ukimtaja mtu asiye mwenyewe, wale wazee wa Mukuku watamdai nani?"

Kaka hakungoja. Akapakia video akitaja nchi, na kwa sauti ya kujiamini akasema mchumba wake "yuko ndani ya mambo" na amethibitisha. Picha ya besti ikawekwa pembeni, na tabasamu lake la siku ya utambulisho.

Kesho yake aliitwa ofisini kujieleza. Hakufukuzwa, lakini alirudi nyumbani mikono ikitetemeka. Akampigia kaka, akamwomba aifute. Jibu lilikuwa: "Mimi nakula kwa watazamaji, wewe unakula kwa picha za mashamba. Kila mtu na kazi yake."

Hakubishana. Pete alimpa shangazi yake, naye shangazi akaipeleka kwa wazazi wa kaka kwa utaratibu, na salamu za heshima. Mimi ndiye niliyemsindikiza shangazi. Yule mama wa ramli alipokea bahasha, akakaa kimya muda, kisha akauliza, "Kwani kile chuma kilikuwa chake?"

Marafiki zetu wengi wanasema besti amechezea bahati. Mwanaume ana gari, ana jina, unamwacha kwa sababu ya chuma chakavu? Mimi naona mtu aliyekataa kuwauza watu wa Mukuku hatamuuza hata mume. Na anayekuuza kwa video moja kabla ya ndoa, baada ya ndoa atakuuza kwa awamu.

Kwa sasa kaka ana mwingine, mmeshamwona. Besti yuko kazini, na juzi alinionyesha kwenye skrini yake shamba la mahindi linaloanza kukauka upande mmoja, akiandaa taarifa ili wahusika wajue mapema.

Haya, ungekuwa wewe, ungerudisha pete au ungevumilia? Semeni, ila msitukanane.