Kibanda cha Juani na Paa Lake

Kisiwa cha Juani, kilicho mashariki ya Ghuba ya Chole katika Mafia, ni kisiwa cha mashamba kuliko cha miji. Na watu wa Jibondo, ambao kisiwa chao ni mwamba usiokuwa na maji matamu wala udongo wa kutosha, walizoea tangu zamani kuvuka kwa mashua kwenda kulima na kuteka maji huko, na kujenga mashambani vibanda vya kulala wakati wa kazi. Babu yangu mzaa mama alikuwa na kibanda cha namna hiyo, ndani kupita magofu ya Kua, mahali pasipofika gari wala pasipo duka, ambapo chombo hakipati kutia nanga karibu ila maji yamejaa. Nataka kuieleza habari ya kibanda hicho, na ya paa lake hasa, kwa sababu katika paa lile niliyaona mageuzi ya maisha yetu dhahiri kuliko nilivyoyaona mahali pengine popote.

Nguzo zake zilikuwa za mkandaa, mti ambao mchwa huuonea taabu, na pau na fito zake zilikuwa za mkoko. Boriti za miti ya jinsi hiyo ndizo zilizokuwa zikipakiwa majahazini katika delta ya Rufiji, ng'ambo ya Mafia, zikapelekwa kwa upepo wa kusi hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi, hata upana wa vyumba vya huko ukafuata urefu wa boriti zetu. Kuta zilikuwa za kiambaza kilichokandikwa kwa udongo, na juu yake paliezekwa makuti ya viungo, yaliyoshonwa na bibi na shangazi zangu wakikaa kivulini tangu asubuhi. Kamba za kufungia zilikuwa za usumba, na usumba huo ulikuwa kazi ya miezi: makumbi ya nazi yalizikwa katika tope la pwani hata yakaoza, kisha yakafukuliwa, yakapondwa kwa magongo, na nyuzi zake zikasokotwa juu ya paja. Hapakuwa na kitu hata kimoja katika kibanda kile kilichonunuliwa dukani, isipokuwa bawaba za mlango na kitasa chake.

Lakini makuti, hata yakishonwa kwa ustadi wa namna gani, hayaishi sana. Baada ya masika machache huanza kupukutika upenuni, mwanga wa jua hupenya na kuweka madoa sakafuni, na mwenye nyumba hutambua kwamba mvua ijayo atalala na sufuria kando ya kitanda chake. Hapo babu alikuwa akipeleka habari kwa majirani wa mashamba, naye hakuhitaji kumsihi mtu, maana kila aliyeitwa alikuwa na paa lake mwenyewe lililokuwa likimngoja mwaka wa pili au wa tatu. Walikuja baada ya sala ya alfajiri. Wengine wakapanda juu, wengine wakarusha makuti kutoka chini, na wanawake wakapika wali wa nazi na pweza, chakula cha kikoa ambacho kila nyumba ilileta sehemu yake. Mashauri ya harusi yalifanyiwa pale, na wawili waliokuwa wamegombania mpaka wa minazi walilazimika kupokezana kamba juu ya paa moja mpaka ulimi ukalainika.

Mageuzi yalikuja polepole, na kila moja lilikuwa na hoja yake. Mwaka 1995 sehemu ya kusini ya Mafia, pamoja na Chole, Juani na Jibondo, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza katika Tanzania. Mikoko ikawa haikatwi ovyo, na uchimbaji wa matumbawe ya kuchomea chokaa ukapigwa marufuku. Nami naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, kwani samaki na kamba wengi hukulia katika mizizi ya mikoko. Mabati nayo yaliingia kwa majahazi, yakapendwa, na anayemlaumu mtu kwa kuyapenda hajalala chini ya makuti yanayovuja. Vijana wakahamia Dar es Salaam, mimi nikiwa mmoja wao. Aliyebaki akaona ni rahisi kumlipa fundi kuliko kuwaalika majirani ambao hawapo. Babu alipofariki, kibanda kilikaa pasi na mtu, hata mtambaapanya ukakatika na kipaa cha nyuma kikaanguka ndani.

Ndipo masahibu zangu wa tangu utotoni, ambao riziki imewatawanya wengine bandarini na wengine shuleni, walipokubaliana nami tukikarabati. Tulivuka Ijumaa baada ya sala, tukiwa na nguzo za mvinje uliopandwa, ambazo tuliziwekea kinga ya mchwa kwa kupaka oili chafu sehemu ya kuingia ardhini. Usiku ule tulijadiliana sana juu ya paa. Mmoja wetu alitetea mabati kwa hoja isiyopingika, kwamba mvua ikinyesha juu yake maji hukingwa safi yakawekwa pipani, jambo ambalo makuti hayaliwezi. Na katika visiwa ambavyo maji matamu yalikuwa yakivukishwa kwa mashua hilo si jambo dogo. Tulipatana kuweka mabati juu ya jiko na kukinga maji hapo, na nyumba yenyewe tuiezeke kama ilivyokuwa.

Jumamosi tulimwendea shangazi yangu, ambaye sasa ni mzee wa kushika fimbo, akatuonyesha jinsi ya kuanzia upenuni na kupanda kuelekea mwamba wa paa. Alipoona tunayaachia makuti nafasi pana ili tumalize upesi, alisema, "Wanangu, yabaneni. Kuti likikaa mbali na mwenziwe, mvua ya kwanza itawajua." Tukayafungua, tukaanza tena. Alasiri walitokea watu ambao hatukuwaalika, wazee wawili na vijana wa mashamba ya jirani, wakashika kazi bila kuulizwa, na mmoja wa vijana akakiri kwamba hajapata kuezeka makuti maishani mwake. Jumapili magharibi paa lilikuwa limefunga.

Nimelifikiri jambo hili sana, nami naamini kwamba udhaifu wa makuti ndio uliokuwa ukituweka pamoja. Bati hudumu miaka mingi na halimwiti mtu. Ni neema kwa mwenye nyumba, lakini ujirani uliokuwa ukifanywa upya kila paa lilipochakaa haukupata badala yake, na hatukuutafutia. Basi wewe uliyeachiwa kibanda shambani, usingoje mpaka nguzo zianguke. Waalike rafiki zako na majirani, mpeleke kijana asiyejua kazi, na umwulize mzee angali hai; na hata ukiamua kuezeka kwa bati, weka siku ya watu kukusanyika hapo, kwa sababu bati halitawakusanya kwa niaba yako.