Baiskeli Moja, Njia Mbili



Mkoa wa Singida ni nchi ya mawe makubwa, ya upepo, na ya njia ndefu. Mwalimu hukaa kijiji hiki na kufundisha kijiji kile. Katekista ana vigango vitatu vinavyomngoja. Wafanyao kazi Makiungu, katika hospitali iliyoanzishwa mwaka 1954 na masista wa Medical Missionaries of Mary, au Itigi katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, wajua kwamba si kila mfanyakazi hulala karibu na kazi yake.

Siku hizi pikipiki ni nyingi, tena zina mbio. Lakini pikipiki hudai petroli kila asubuhi, mshahara uwe umefika au haujafika. Baiskeli haidai kitu ila jasho na mafuta kidogo ya mnyororo. Mtu wa miguu huenda kama kilomita 5 kwa saa. Mwenye baiskeli, bila kujihimiza, huenda 12. Kazi ikiwa umbali wa kilomita 12, wa miguu hana budi kutoka gizani. Mwenye baiskeli huondoka kumekucha, akiisha kunywa uji pamoja na watoto wake.

Basi leo natuzungumze habari za kuchagua baiskeli, na zaidi ya hayo habari za kuchagua njia. Maana wengi huulizia bei ya baiskeli siku tatu, wala njia hawaiulizii hata dakika tatu.

Tuanze na chombo chenyewe. Vijijini kwetu zimezoeleka baiskeli nzito za gurudumu la inchi 28, kama Phoenix ya China na Hero ya India. Vijana huzicheka kwa uzito wake, wakatamani zile zenye gia nyingi. Gia ni kitu chema mlimani, hatukatai. Lakini waya wake ukikatika, waweza kungoja wiki mbili hata kipuri kipatikane mjini, na kazi haingoji. Nunua baiskeli ambayo fundi wa kijijini kwako anaijua, na ambayo spoki zake zauzwa mnadani kwenu.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, usitazame rangi. Inua gurudumu la mbele ulizungushe: likiyumba kushoto na kulia, rimu imepinda. Litikise kwa mkono: likicheza, gololi zimekwisha au ekseli imelegea. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa chini penye pedeli, utafute mahali palipochomelewa na kufunikwa kwa rangi. Kisha kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka, kiti kiko sawa. Mwisho dai hati ya mauzo, usije ukanunua mali ya wizi na kesi yake.

Kuhusu baiskeli ya kike, ile isiyo na bomba la juu, neno moja. Wapo waume waionao kuwa aibu. Lakini hiyo ndiyo ambayo mama aweza kuipanda na gauni lake, binti aweza kwendea shule, na baba naye aweza kwendea kazi. Hata padre mwenye kanzu ndefu huishukuru. Nyumba yenye baiskeli moja tu na ifikirie hayo kabla ya kulipa. Kicheko cha jirani hakijazi kikapu.

Sasa njia. Barabara kuu itokayo Dodoma huingia mkoani kwetu upande wa Manyoni, hupita Ikungi hata mjini Singida, kati ya maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai. Toka hapo huenda Iguguno, hushuka Sekenke, ikapita Shelui kuelekea Nzega. Nyingine huenda Katesh na Babati. Zote mbili zina lami, na lami ni tamu kwa gurudumu. Ila utamu huo wapendwa pia na malori na mabasi ya safari za mbali. Lori likikupita kwa kasi, upepo wake peke yake watosha kukuyumbisha. Malori mawili yakipishana, fahamu kwamba nafasi ya mtu wa tatu haipo. Toka nje ya lami mapema, kabla hujapigiwa honi. Jioni na alfajiri uwe na taa mbele na kiakisi chekundu nyuma. Nguo nyeupe nayo husaidia.

Sekenke ni fundisho peke yake. Pale barabara huteremka kwa kona kali hata nchi tambarare ya Wembere. Mwenye gunia kwenye keria akijiachia pale, breki zake hazitamsikia, hasa mvua ikiwa imelowesha rimu. Teremka, uikokote baiskeli. Anayekokota hufika, na wahenga wamesema: kawia ufike.

Njia za vijijini hazina malori, lakini zina mambo yake. Upande wa Itigi ziko zipitazo katika vichaka vilivyosongamana hata humwoni ajaye mbele yako. Huko kengele si pambo. Penye mchanga, punguza upepo kidogo katika tairi, nalo litazama kidogo tu. Penye mbigili usiende bila pampu, viraka, gundi na msasa.

Tena kuna upepo wenyewe. Kiangazi, hapa kwetu, huvuma kwa nguvu toka mashariki na kusini-mashariki. Anayekaa magharibi ya kazi yake hupambana nao asubuhi akiwa na nguvu, na jioni husukumwa nao hata nyumbani. Anayekaa mashariki hupewa asubuhi na kunyang'anywa jioni, wakati amechoka na jua linakuchwa. Huyu wa pili na atafute njia ya kurudia yenye miti na mawe ya kumkinga, hata ikiwa ndefu kwa kilomita moja au mbili. Mwendo hupimwa kwa magoti pia.

Kwa sababu hiyo twasema: baiskeli moja, njia mbili. Toka Mei hata Oktoba, korongo ni kavu, na njia ya kijijini ni salama na tulivu. Mvua zikianza Novemba au Desemba, hata Aprili, mambo hugeuka. Korongo lililokuwa mchanga jana laweza leo kumchukua mtu na baiskeli yake. Udongo mweusi wa mbugani, kama ule wa Wembere, hushikamana kati ya tairi na madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka. Wakati huo njia ya lami, pamoja na malori yake, yaweza kuwa ndiyo afadhali, mradi uitumie mchana na kwa macho mawili. Zipitie njia zote mbili siku isiyo ya kazi, polepole, ukihesabu makorongo, visima, na nyumba za watu unaowajua.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: waambie wa nyumbani. Mke au mume na ajue leo umepita njia gani, na saa ngapi hurudi. Mvua ikinyesha ghafula na usiku ukaingia, watu watakaotoka na taa wajue pa kuanzia. Mtu aliyevunjika mguu korongoni, huku jamaa zake wanamtafuta barabarani, hakukosa watu wa kumwokoa. Alikosa neno moja la asubuhi.

Mwaka 1949 Baba Mtakatifu Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo, mwenye kanisa lake dogo juu ya kilima karibu na Ziwa Como huko Italia, kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Kwa hiyo, ewe baba, ewe mama, asubuhi kabla ya kupanda fanya ishara ya msalaba, kisha jaribu breki zote mbili. Yote mawili yafanyike, wala moja lisichukue nafasi ya jingine.